Taa ya Ufuoni Ivishwe Kofia: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Kaunti Yetu

Kwa Mheshimiwa Gavana, waheshimiwa wawakilishi wadi, na yule afisa wa taa ambaye nimemfuata ofisini mara tatu nikaambiwa ametoka,

Mimi ni mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani. Nanunua kwa ndoo alfajiri, naanika kwenye nyavu kuukuu, nauza kwa gorogoro. Pia ni katibu wa klabu ya kutazama nyota ya kijiji chetu, hapa ukingo wa kaskazini wa Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, ambapo ukisimama mchangani umeelekea kusini na mbele yako ni maji matupu. Najua kazi hizi mbili zikitajwa pamoja watu hucheka. Mume wangu naye alicheka, mpaka alipoiona Zohali, ile sayari yenye pete.

Nawaandikia kuhusu mulika mwizi.

Mwaka wa 2023 mlitusimamishia ufuoni mlingoti mrefu wenye taa sita. Siku ya kuuwasha kulikuwa na hema, viti vya plastiki na soda. Nilipiga makofi na sijajuta. Kabla ya hapo akina mama tulikuwa tukingojea boti gizani, kila mmoja na tochi ya simu yake, na injini mbili za boti ziliibwa katika mwaka mmoja. Kwa hiyo, tafadhali, mtu asiisome barua hii kisha aende mkutanoni kusema watu wa nyota wanataka ufuo urudi gizani. Hatutaki taa izimwe. Tunataka ivishwe kofia.

Neno kofia nimelitoa majini. Omena huvuliwa usiku, tena usiku wa giza la mwezi, kwa sababu hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima linang'aa, na taa ya mvuvi haina tena cha kuwaitia. Zamani zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi nyingi ni za betri na sola. Iwe hii au ile, mvuvi wa hapa kwetu haachi taa yake itazame juu. Huifunika kibati ili mwanga wote uangukie majini na usimpige machoni. Hilo hakufundishwa chuoni. Mafuta ni pesa, betri ni pesa, na mwanga uliokwenda mbinguni haujawahi kurudi na omena hata mmoja.

Usiku wa giza, boti zikiwa zimetapakaa kule mbele, utadhani kuna mji majini. Hatujawahi kulalamika juu ya taa zile, ingawa ni nyingi kuliko zenu. Ziko kazini, na zinatazama kazi yake.

Sasa njooni mtazame hizi sita. Kila moja imeinuliwa uso kama mtu anayechungulia ua wa jirani. Sehemu kubwa ya mwanga wake inavuka mchanga, inavuka boti, inakwenda ziwani na angani. Vijana wa boti wananiambia kwamba wakirudi alfajiri inawachoma macho wangali mbali, na wakikaribia nchi kavu hawaoni mawe wala kamba za boti nyingine, wanaona taa tu. Taa ya kuwapokea wavuvi ndiyo inayowapofusha wakifika.

Na mlinzi wetu wa usiku, mzee aliyeulinda ufuo huu tangu enzi za kurunzi, ana neno ambalo lingewafaa wahandisi wenu. Anasema akisimama chini ya mlingoti anauona mchanga vizuri na haoni kitu kingine. Nyuma ya kila boti iliyovutwa juu kuna kivuli cheusi tititi, cheusi kuliko giza la kawaida, na mwizi mwenye akili hujificha hapohapo. Jicho la binadamu huhitaji kama nusu saa gizani ndipo lifunguke sawasawa. Likipigwa na mwanga mkali mara moja tu, hiyo nusu saa inaanza upya. Mzee huyu hana nusu saa. Viboko hutoka majini usiku kwenda kula nyasi, na kwa miaka mingi alikuwa akiwaona kwa macho yaliyozoea giza. Siku hizi, anasema, husikia pumzi kwanza.

Kuna na wale wadudu wa ziwani, wanaoinuka majini makundi kwa makundi mpaka mgeni akadhani ni moshi. Zamani walitawanyika na upepo. Sasa wana mahali pa kukutania. Mwenye hoteli iliyo karibu na mlingoti akiwaona wanakuja hufunika sufuria na kufunga mlango, na wateja wa jioni wamepotea hivyo.

Hayo yote ni ya wavuvi, mlinzi na mwenye hoteli. Nimeyatanguliza makusudi, maana nikianza na nyota mngeacha kusoma.

Klabu yetu ina watu 14. Ilianza na darubini ndogo ya macho mawili iliyonunuliwa soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili, kwenye rundo la vitu vya mitumba ambavyo muuzaji mwenyewe hakujua ni vya nini. Baadaye tulichanga kama chama, kila wiki kidogo, mpaka tukapata darubini ya kioo ya inchi 6. Ilikuja bila kiti cha kuishikilia. Fundi wa boti hapa ufuoni aliichongea kiti cha mbao kinachozunguka bila kelele, akakipaka rangi ya buluu iliyobaki kwenye boti ya mtu. Kuna mwalimu, kuna kijana wa boda, kuna mama wawili wa omena, kuna wanafunzi ambao darasani husoma sayari kwa picha. Wakati wa Ramadhani kukaribia, wazee kadhaa wa msikitini huja tuutafute mwezi pamoja upande wa magharibi. Kila mwanachama ana jambo lililomleta. Kijana wa boda alikuja kuona kama kweli sayari ya Mshtarii ina miezi, akaiona minne imejipanga kama shanga, ileile aliyoiona Galileo mwaka wa 1610 kwa kifaa kibovu kuliko chetu, na mpaka leo anaichora kwenye daftari la kuandikia deni za mafuta.

Hatujakosa matatizo. Usiku mmoja askari wa doria walitukuta tumeinamia bomba jeupe lililoelekezwa juu, wakauliza tunarusha nini. Tulikwenda nao kituoni, darubini ikiwa imebebwa kama mgonjwa, tukakaa mpaka saa saba usiku. Kilichotutoa si maelezo yangu. Mkubwa wao aliamua kutazama mwenyewe, tukaiweka uani kwake, akaikuta Zohali. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ile pete tumeibandika kwenye kioo.

Watu wanatutumia kuliko mnavyodhani. Msururu wa taa ulipopita angani umenyooka kama mabehewa ya treni, majirani wengine walianza kutubu. Tulikwenda nyumba kwa nyumba kueleza kwamba ni setilaiti za intaneti zilizorushwa pamoja. Pete ile ya chuma ya karibu kilo 500 ilipoanguka kutoka angani kijijini Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, tuliulizwa siku nzima kama nyingine inakuja ziwani. Nchi hii ina Wakala wa Anga za Juu tangu 2017, ilirusha setilaiti yake ya Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023, na hata kabla sijazaliwa setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ikawa ya kwanza duniani kutumwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Mtoto wa ufuoni akisikia hayo huuliza swali moja: mbona mimi sioni kitu huko juu?

Nitawaambia tulichokuwa tukikiona.

Jumapili, 10 Desemba 2023, stima ilipotea sehemu kubwa ya nchi. Ilikuwa giza la mwezi, na angani kulikuwa kumetakata. Watu walitoka nje kulalamika, kama ilivyo desturi. Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota nyingi, ilikuwa imepita juu ya mabati ya nyumba zetu. Na kusini, juu kidogo ya maji, lilikuwapo lile doa la mwanga ambalo haliyeyuki wala halisukumwi na upepo: Wingu Kubwa la Magellan. Jina ni wingu, lakini ni galaksi nzima, mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, iliyo jirani na yetu, na mwanga tuliokuwa tukiutazama ulianza safari kama miaka 160,000 iliyopita. Watu wa Ulaya hawalioni wakiwa kwao hata wakipanda mlima. Liko chini ya upeo wao daima. Sisi tulilizoea, kila Desemba na Januari, hapo juu ya ziwa. Tangu mlingoti usimame tulikuwa hatujaliona tena kutoka ufuoni, nami nilikuwa nimeanza kudhani macho yangu yamechoka.

Stima iliporudi watu walishangilia. Na mimi nilishangilia, nina friji. Lakini nilipogeuka kulitafuta lile doa sikulipata, na ndipo nilipojua kwamba macho yangu ni mazima.

Waheshimiwa, mahali tulipo si pa kawaida. Wasafiri husimama Maseno kupiga picha penye alama ya ikweta, mguu mmoja huku na mwingine kule, kisha huingia garini. Faida ya ikweta yenyewe iko juu ya vichwa vyao. Katikati ya Mei, mnamo saa tatu usiku, ukitazama kaskazini unaliona kundi la Dubu Mkubwa, ukigeuka kusini unaiona Salibu, ule msalaba wa nyota, kwa wakati mmoja. Mtu wa London hapati Salibu, na mtu wa Cape Town hapati Dubu wote. Sisi, kwa mwaka mzima, karibu kila nyota hutupitia. Mvua ndiyo adui, siwezi kuficha. Mei nyingine hatuoni lolote. Ila usiku upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea ziwani, na mara nyingi mawingu hukusanyika kule mbali, radi zikipigana upande wa Uganda bila sauti, huku kwetu nyota ziko wazi. Wageni hulipia hoteli kuona kitu kama hicho. Lakini sitawaahidi watalii. Nimeona miradi mingi ikiahidi watalii.

Wala kutazama nyota si anasa ya wasio na kazi. Waswahili wa pwani walisema zamani: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kile kikundi kidogo cha nyota kilipewa jina kwa sababu ya kulima. Mwaka jana nilitaka kukifuata mwenyewe, nione siku yake ya mwisho jioni kabla hakijamezwa na jua, na siku yake ya kwanza alfajiri mwezi wa Juni. Nilikipoteza mapema mno, mwezi wa Aprili. Hakikumezwa na jua. Kilimezwa na taa ya tatu kutoka kushoto.

Sasa ombi lenyewe, na nitalisema kwa lugha ya fundi.

Taa zile zigeuzwe zitazame chini, uso wake ulale sambamba na ardhi, na zile ambazo haziwezi kugeuzwa ziwekewe kifuniko cha bati juu na upande wa ziwani. Kwa zinazogeuka ni kazi ya gari lenye ngazi, spana na nusu siku. Fundi wa boti amesema vifuniko atavikata yeye; bati tutanunua. Balbu zitakapoungua, maana zitaungua, zinazowekwa badala yake ziwe za mwanga wa manjano, kelvini 3,000 au chini ya hapo (ndicho kipimo cha rangi ya mwanga kwenye pakiti ya balbu). Mwanga mweupe wenye ubuluu hutawanyika hewani kuliko wa manjano, kwa sababu ileile inayolipa anga la mchana rangi yake. Na kati ya saa tano na saa tisa usiku, boti zikiwa zimeshaondoka na hazijarudi, taa nne kati ya sita zipumzike. Saa tisa ziwake zote, maana sisi akina mama tunaanza kufika. Hapo mnaokoa na bili. Hiyo bili mimi sijaiona, lakini naijua ya friji yangu.

Msituambie si kazi yenu. Jedwali la Nne la Katiba limewapa kaunti taa za barabarani kwa jina, na Kifungu cha 37 kimempa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa mamlaka ya umma. Nimesoma. Nilichokosa ni mkutano. Kabla ya mlingoti kusimamishwa hakuna aliyewauliza wavuvi taa ielekee wapi, ilhali hapa ufuoni hakuna wanaojua habari za taa na giza kuliko wao. Mngeuliza, mngejibiwa bure.

Kuna jambo moja lina tarehe, ndiyo maana sikungoja tena.

Usiku wa Ijumaa, 13 Aprili 2029, kuamkia Jumamosi, jiwe liitwalo Apophis litapita karibu na dunia. Lina upana wa mita 340 hivi. Lilipogunduliwa mwaka wa 2004 wataalamu waliingiwa na hofu kwamba lingeweza kutugonga; vipimo vya baadaye vimeiondoa hofu hiyo, na rada za mwaka 2021 zimeonyesha hakuna hatari kwa miaka 100 hivi ijayo. Litapita kilomita kama 32,000 juu yetu, karibu kuliko setilaiti za televisheni zinazotuletea mechi. Na litaonekana kwa macho matupu, bila darubini, Afrika ikiwa miongoni mwa sehemu zilizobahatika: nukta hafifu inayotembea kati ya nyota huku ukiitazama. Jiwe la ukubwa huo halipiti karibu hivyo ila mara moja baada ya karne nyingi.

Usiku huo ni wa giza la mwezi, hakuna mbalamwezi wa kutuharibia. Na Aprili ni msimu uliofungwa wa omena, ule unaoanza mwezi huo hadi Julai, kwa hiyo boti za taa hazitakuwa ziwani na sisi wachuuzi tutakuwa na usingizi wa kutosha. Ni kama kalenda imetupangia. Ni kweli pia kwamba Aprili ni masika, na wingu moja linaweza kutunyima. Wingu nitalisamehe. Lakini jiwe lipite juu ya ziwa letu, kijiji kizima kimetoka na watoto mabegani, tusilione kwa sababu ya taa sita zilizoinua nyuso, hilo sitaweza kuwaeleza watoto. Naomba usiku ule mmoja taa za fuo zote za kaunti zizimwe kuanzia giza linapoingia hadi alfajiri, walinzi waongezwe, na mtangaze mapema kwenye redio za kienyeji ili watu wajue sababu na wasidhani stima imepotea.

Yapo mambo mengine ningeomba, kama barua ya utambulisho ili tusipelekwe tena kituoni na bomba letu, lakini hayo yanaweza kungoja kofia.

Tunakutana kila Ijumaa iliyo karibu na giza la mwezi, kuanzia saa mbili usiku. Msitutafute mchangani. Tuko nyuma ya ukuta wa choo cha ufuoni, upande wa magharibi, maana ndipo mahali pekee ambapo taa yenu haifiki. Harufu mtaizoea. Njooni na sweta, upepo wa ziwa hauna mheshimiwa. Simu mtazizima mlangoni, na dereva asiwashe taa za gari akigeuza. Afisa wa taa akija, tafadhali aje na spana.

Wenu,
Katibu, watazamaji nyota wa ufuoni
Ghuba ya Winam